Saa ya Sala na Saa ya Kazi

Katika Kitabu cha Kutoka, mlango wa 5, mna habari ambayo kila mtoto wa shule ya Jumapili aijua, walakini wachache huitazama kwa jicho la mtu wa kazi. Musa na Haruni walipoingia mbele ya Farao hawakuanza kwa kudai kwamba Waisraeli waachwe huru milele. Waliomba ruhusa: watu waende mwendo wa siku tatu jangwani, wakamtolee Mungu wao sadaka. Farao akawajibu kama wajibuvyo matajiri wengi hata leo, kwamba watu hawa ni wavivu, na uvivu wao ndio unaowatia hamu ya ibada. Siku ile ile akawaagiza wanyapara wasiwape tena majani ya kufanyia matofali. Wakajitafutie wenyewe, na hesabu ya matofali isipungue hata moja.

Farao tumezoea kumlaumu, nasi twafanya vema. Lakini ile hesabu ya matofali si jambo la kupuuzwa. Kila mwenye kazi anayo hesabu yake, awe mwenye shamba la mkonge, au mwenye hoteli, au mkuu wa shule asiyetaka darasa likae bila mwalimu. Basi swali ninalotaka tulitazame ndilo hili: Je, yafaa sheria ya nchi imlazimishe mwenye kazi kumwachia mtumishi wake wasaa wa kusali, au yafaa jambo hilo liachiwe hisani ya mkubwa na mapatano ya watu wawili?

Najua wako miongoni mwetu Wakristo wasemao kwamba hilo ni shauri la Waislamu, kwa kuwa wao husali mara tano kwa siku, na adhuhuri ya Ijumaa hukusanyika msikitini. Au ni shauri la ndugu zetu Wasabato, ambao tangu walipofika Upare mwaka 1903 wamejulikana kwa kutofanya kazi siku ya Jumamosi. Sisi wengine, husema, halituhusu, maana Jumapili ofisi zimefungwa. Hayo ni kweli kwa karani wa serikali. Lakini kufungwa kwa ofisi siku ya Jumapili hakukushuka kutoka mbinguni pamoja na Injili. Kuliletwa na sheria ya mtu mmoja, katika mwaka unaojulikana, na kabla ya mwaka ule Wakristo waliishi karibu miaka 300 bila siku hiyo.

Tuanze na Wayahudi, maana wao ndio waliotangulia kupata ruhusa ya namna hii kwa Warumi. Kaisari Augusto, yule aliyetoa amri ya kuandikwa watu wakati alipozaliwa Bwana wetu, alitoa amri nyingine zisizosomwa makanisani. Moja yaandikwa na Yosefo: Wayahudi wasilazimishwe kwenda barazani kwa hakimu siku ya Sabato, wala siku ya maandalio kuanzia saa tisa. (Msomaji asishangae kuiona saa hiyo, Warumi walihesabu saa za mchana tangu kuchomoza kwa jua, kama tuhesabuvyo sisi, wala hapakuhitajiwa tafsiri.) Amri nyingine imetajwa na Filo wa Iskanderia. Katika mji wa Rumi raia walikuwa wakigawiwa nafaka au fedha kila mwezi. Augusto akaamuru kwamba siku ya kugawa ikiangukia Sabato, fungu la Wayahudi liwekwe, wapewe kesho yake. Mimi naipenda amri hii kuliko nyingi zilizoandikwa baadaye na wanasheria wenye vitabu vinene. Ghala haikupungukiwa na kitu. Wengine hawakunyimwa. Ilipasa tu mtunza ghala afungue mlango siku ya pili.

Wakristo hawakupata fungu hilo. Yapata mwaka 112 liwali mmoja wa Kirumi katika Asia Ndogo, jina lake Plinius, alimwandikia Kaisari Trajan kumwuliza awafanyie nini watu wa dini hii mpya. Katika barua ile alieleza kwamba wao hukutana siku moja maalum kabla ya mapambazuko, wakamwimbia Kristo, kisha wakatawanyika, na baadaye wakakutana tena kula chakula. Kwa nini kabla ya mapambazuko? Plinius hakueleza, lakini mtu yeyote aliyepata kuwa chini ya mnyapara aweza kubahatisha. Siku ya kwanza ya juma ilikuwa siku ya kazi kama nyingine, na katika wale waumini walikuwamo watumwa. Plinius mwenyewe asema kwamba aliwatesa vijakazi wawili waliokuwa na huduma katika kanisa lile ili awatoe habari. Kijakazi hakuwa na Jumapili. Aliiba saa ya usingizi wake akampa Mungu, jua lilipochomoza akarudi kwa bwana wake.

Hata ikaja mwezi wa Machi mwaka 321. Kaisari Konstantino akaamuru kwamba mahakimu, na watu wa mijini, na mafundi wote, wapumzike katika siku tukufu ya Jua. Aliiita siku ya Jua, hakuiita siku ya Bwana, maana katika dola yake walikuwako wengi walioliabudu jua, naye alitaka amri moja iwafae wote. Kisha akaongeza neno ambalo wazee wetu wa kanisa, wepesi kumwonya mtu aonekanaye na jembe Jumapili, yafaa walijue: wakulima waruhusiwe kulima siku hiyo, kwa sababu mara nyingi hakuna siku nyingine ifaayo zaidi kwa kupanda nafaka au mizabibu, wala haifai kuiacha nafasi iliyoletwa na mbingu ikapita. Mwaka ule ule, mwezi wa Julai, akaruhusu pia kwamba watumwa waweza kuandikiwa hati za uhuru siku hiyo ingawa mabaraza yamefungwa.

Hivyo ndivyo tulivyoipata Jumapili. Mimi namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini sheria iliyoinua siku moja kwa watu wote iliwaacha wengine nyuma, na kadiri ilivyotiwa nguvu ndivyo ilivyowalemea. Katika Uingereza sheria ya mwaka 1677 ilikataza watu kufanya kazi zao za kila siku Jumapili. Myahudi aliyefunga duka lake Jumamosi kwa kumtii Mungu alilifunga tena Jumapili kwa kumtii mfalme, na jirani yake Mkristo alimpita kwa siku moja kila juma, mwaka hata mwaka. Haikutengenezwa upesi. Ilipotungwa sheria ya maduka ya mwaka 1936 ndipo mwenye duka Myahudi aliyefunga Jumamosi aliporuhusiwa kufungua Jumapili hata saa nane za mchana.

Tena sheria iliyotoa siku yaweza kuichukua. Katika Ufaransa wakati wa mapinduzi, mwaka 1793, wakubwa wapya waliliondoa juma la siku 7, wakaweka majuma ya siku 10, na siku ya pumziko ikawa ya kumi. Kalenda yao ilidumu hata mwisho wa mwaka 1805. Katika Urusi ya Kikomunisti walifanya zaidi. Mwaka 1929 waliwagawanya wafanyakazi mafungu 5, kila fungu likapewa rangi yake na siku yake ya kupumzika, ili mashine zisisimame hata siku moja. Mume akiwa wa rangi ya manjano na mkewe wa rangi nyekundu, walipishana mlangoni. Na kanisa, hata pale lilipoachwa wazi, halikuweza kuwakusanya watu wake, kwa maana hapakuwa na siku moja iliyowakuta wote wamepumzika. Jumapili ilirudishwa mwaka 1940. Nayasimulia haya kwa ajili ya wale wadhanio kwamba pumziko letu halina adui ila uvivu wetu wenyewe wa kwenda kanisani.

Sasa nije kwenye kesi ambayo, kwa kuwa mimi ni mwalimu, imenitaabisha kuliko zote. Mwaka 1968 halmashauri ya elimu ya sehemu za katikati za London ilimwajiri mwalimu mmoja Mwislamu, jina lake Ahmad, afundishe siku zote tano za juma. Kwa miaka 6 ya kwanza alifundisha mahali palipo mbali na msikiti, na Ijumaa alibaki darasani. Mwaka 1974 akahamishiwa karibu na msikiti, akaanza kwenda sala ya Ijumaa. Aliporudi, zilikuwa zimepita kama dakika 45 za masomo ya mchana.

Dakika 45 ni somo zima. Najua darasa lisilo na mwalimu linavyokuwa kwa muda huo, na najua uso wa mwalimu mwingine anayeambiwa kila Ijumaa, acha daftari zako, nenda kashike darasa la fulani. Halmashauri ilimwambia Ahmad achague kazi ya siku nne na nusu kwa mshahara wa siku nne na nusu. Yeye alikataa. Akajiuzulu mwaka 1975, akashtaki kwamba kwa kweli amefukuzwa pasipo haki.

Ahmad hakwenda barazani mikono mitupu. Sheria ya elimu ya mwaka 1944, katika kifungu cha 30, ilisema kwamba mwalimu asinyimwe kazi wala asipunguziwe mshahara kwa sababu ya dini yake au kwa sababu ya kuhudhuria ibada. Maneno ni wazi, mtu angedhani shauri limekwisha. Lakini mwaka 1977 katika Mahakama ya Rufani majaji watatu waligawanyika. Lord Denning, na mwenzake mmoja pamoja naye, alisema kwamba kifungu hicho lazima kisomwe kana kwamba mna maneno ya kuongeza: ikiwa ratiba ya shule yaruhusu. Jaji Scarman alikataa. Alisema kwamba nchi ya mwaka 1944 siyo nchi ya siku zile. Wamekuja watu wa dini nyingine, na kukisoma kifungu kwa ufinyu maana yake ni kwamba Mwislamu aishikaye dini yake kwa dhati hawezi kamwe kuwa mwalimu wa siku zote tano katika shule za serikali. Halmashauri, kwa maoni yake, ingeweza kuajiri walimu wa kutosha na kupanga ratiba. Ahmad alishindwa kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, na Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya nayo ikamkatalia mwaka 1981.

Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilikuwa upande wa Denning, kwa ajili ya watoto. Mwalimu yule hakusema lolote alipoajiriwa, wala kwa miaka 6. Kisha akataka wengine wabebe mzigo ambao hawakuambiwa. Mtu mwenye haja ya wasaa na aiseme siku ya kwanza, mbele ya wote, kama mchumba aelezavyo habari za nyumbani kwake kabla ya mahari kupokelewa. Hata Tume ya Ulaya ililishika neno hilo. Lakini baadaye nilirudia kuyafikiri maneno ya Scarman, nikaona kwamba lawama yangu yamhusu mtu mmoja, na sheria si ya mtu mmoja. Ikiwa maana ya kifungu ni kwamba mtu aweza kwenda kuabudu pale tu ratiba iliyotungwa na wengine inapomwacha wazi, basi kifungu hakikumpa kitu. Maana Mkristo wa London hakuhitaji ruhusa, ratiba ilikwisha kumtungia Jumapili yake kabla hajazaliwa. Kuibadili ratiba ya Ijumaa mchana, Ahmad akafundisha vipindi vyake asubuhi na mwalimu wa michezo akachukua mchana, ni kazi ya jioni moja. Nimepanga ratiba nyingi, nami sisemi kwa kubahatisha.

Wamarekani walilitia jambo hili katika sheria zao waziwazi. Sheria ya mwaka 1964 ya haki za raia ilikataza mwenye kazi kumbagua mtu kwa dini yake. Mwaka 1972, kwa shauri la Seneta Jennings Randolph wa West Virginia, ambaye alikuwa Mbaptisti wa wale washikao Jumamosi, iliongezwa kwamba mwenye kazi lazima ampishe mtumishi katika mambo ya ibada yake, isipokuwa ikiwa kumpisha kutamletea taabu isiyo ya kadiri. Basi kila kitu kikawa katika neno hilo moja, taabu. Taabu kiasi gani?

Jibu la kwanza lilitolewa mwaka 1977 katika kesi ya mtu aitwaye Hardison. Alikuwa karani wa ghala katika karakana ya ndege ya kampuni ya TWA mjini Kansas City, mahali ambapo kazi haisimami usiku na mchana, siku 365. Aliajiriwa 1967, na mwaka uliofuata akaingia kanisa lishikalo Sabato tangu Ijumaa jua linapokuchwa hata Jumamosi jua linapokuchwa. Mwanzoni alipata zamu ya usiku iliyomfaa. Kisha akaomba kuhamia jengo jingine, afanye kazi mchana, na huko akawa karibu mtu wa mwisho katika orodha ya waliotangulia. Mwenzake mmoja alipokwenda likizo, Hardison akaitwa kushika Jumamosi. Chama cha wafanyakazi kilikataa kuvunja taratibu ya waliotangulia kuchagua kwanza. Kampuni ilikataa kumpa juma la siku nne. Hakuja kazini, akafukuzwa.

Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 7 dhidi ya 2, ilihukumu kwamba mwenye kazi halazimiki kubeba gharama iliyozidi kitu kidogo sana. Jaji Thurgood Marshall, mmoja wa wale wawili, mjukuu wa watumwa kwa asili yake, alihesabu matofali. Aliona katika maandiko ya kesi kwamba kulipa mtu mwingine kwa zamu zile kwa miezi 3, hata Hardison aweze kurudi zamu yake ya zamani, kungeigharimu kampuni ile dola 150. Kampuni ya ndege! Kwa hukumu hiyo sheria ya Randolph ilibaki kwenye karatasi, na kwa miaka 46 tajiri aliweza kusema amelemewa kwa mzigo ambao mtoto angeubeba.

Nataka msomaji Mkristo atazame ni nani aliyekuja kuibadili hukumu hiyo. Hakuwa Mwislamu, wala Msabato. Alikuwa Mkristo wa Kiinjili wa Pennsylvania, jina lake Groff, mpeleka barua za vijijini. Alipoingia kazi mwaka 2012 posta haikupeleka kitu Jumapili. Mwaka 2013 Idara ya Posta ilipatana na kampuni ya biashara ya Amazon ipeleke vifurushi vyake hata Jumapili. Groff akahamia kituo kingine kidogo kisichofanya kazi hiyo, kazi ikamfuata huko nako. Kila Jumapili iliyomwangukia hakwenda, wenzake wakabeba, akaadhibiwa mara kwa mara, hata mwaka 2019 akajiuzulu. Tarehe 29 Juni 2023 majaji wote 9 walisema kwa pamoja kwamba kitu kidogo sana hakitoshi kuwa udhuru. Mwenye kazi akitaka kukataa ni lazima aonyeshe kwamba mzigo ni mkubwa kwelikweli ukilinganishwa na kazi yake yote. Tena chuki ya wenzake kwa dini ya mtu haihesabiwi kuwa mzigo. Kisha wakairudisha kesi mahakama za chini ipimwe upya kwa kipimo hicho.

Ahmad alihamishwa, akaona msikiti u karibu. Hardison alibadili dini yake. Groff hakubadili kitu, ilibadilika kazi. Na hili la mwisho ndilo linalokuja kwetu, maana maduka makubwa na viwanda na hoteli havina tena siku ya kufunga.

Neno la wenzake wa mtu lastahili kutazamwa zaidi, kwa sababu si tajiri peke yake azuiaye. Mwezi wa Ramadhani wa mwaka 2008 katika mji wa Grand Island, jimbo la Nebraska, Wasomali waliofanya kazi katika kiwanda kikubwa cha nyama waliomba saa ya kupumzika isogezwe ikutane na magharibi, wapate kufungua saumu na kusali. Katika kiwanda cha nyama wafanyakazi husimama kando ya mnyororo upitishao mizoga, kila mmoja akikata sehemu yake; akiondoka mmoja, nyama yampita jirani yake. Wakubwa walipokubali, wafanyakazi wengine waliandamana, wakisema wametengenezewa wengine raha kwa jasho lao. Mapatano yakavunjwa, Wasomali wakaacha kazi kwa hasira, wengi wakafukuzwa. Katika walioandamana walikuwamo Wakristo kutoka Sudani, ambao wengi wao walikuwa wakimbizi kama hao Wasomali. Kesi ilikwenda mahakamani, na mwaka 2013 jaji akaona kwamba kuondoka kwa watu wengi kwa pamoja kulikuwa mzigo wa kweli kwa kiwanda.

Hukumu hiyo siilaumu. Mtu mmoja kuondoka dakika kumi, na watu mia kuondoka pamoja kwenye mnyororo, si jambo moja. Lakini ingekuwako sheria ya wazi iliyojulikana na wote tangu siku ya kuajiriwa, na saa ya magharibi ikawekwa kwenye ubao mapema kwa kila zamu, na kila mtu, mwenye kusali na asiyesali, akapata pumziko lile lile la dakika zile zile, sidhani kwamba Wasudani wale wangeliona limechukuliwa mfukoni mwao. Wivu huzaliwa pale mkubwa atoapo ruhusa kama zawadi, leo kwa hawa, kesho kwa wale. Kitu cha sheria watu hukizoea. Nani leo amwonea wivu mama anayenyonyesha kwa saa ya mtoto wake?

Katika Afrika pia mahakama zimelitazama jambo hili. Afrika ya Kusini, mwaka 2018, Mahakama ya Rufani ya Kazi ilihukumu kwamba kampuni moja ilimfukuza pasipo haki mwanamke Msabato aliyekataa kuhesabu mali ya ghala siku za Jumamosi, kazi iliyofanywa mara moja kwa mwezi. Maana kampuni haikuweza kuonyesha kwamba ilishindwa kabisa kumpisha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 32, yataja waziwazi kushika siku ya ibada, na kwamba mtu asinyimwe kazi kwa sababu ya imani yake. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumbagua mtu kwa dini, tena yampa kila mfanyakazi pumziko la saa 24 mfululizo kila juma. Saa 24 hizo ni za siku gani, kifungu hakisemi. Pengine walioitunga walifanya hivyo kwa busara, ili kila mtu achague yake. Walakini anayechagua mara nyingi si mfanyakazi.

Nina kijana niliyemfundisha darasa la saba, mwimbaji wa sauti ya tatu katika kwaya yetu, aliyekwenda mjini akapata kazi katika kiwanda kifanyacho kazi siku zote 7. Mwanzoni aliniandikia kwa furaha. Yeye na mwenzake Mwislamu wa zamu moja walikuwa wamepatana: Ijumaa adhuhuri yeye humshikia mwenzake mashine, na Jumapili asubuhi mwenzake humshikia yeye. Msimamizi wao, mtu mzima mwenye utu, aliliandika patano lile kwenye daftari la zamu, na mashine haikusimama hata siku moja. Nilisoma barua ile kwa wazee wa kanisa, wakapendezwa sana, na mmoja wao akasema, mnaona, hapa sheria ya nini?

Mwaka uliofuata msimamizi yule alistaafu. Aliyekuja badala yake alifuta patano lile siku ya kwanza, akasema daftari la zamu si daftari la dini. Kijana akampelekea ile sheria ya mwaka 2004. Naye akamjibu kwamba sheria imetimizwa, maana amepewa saa 24 zake, tena mfululizo: siku ya Jumanne. Katika barua yake ya mwisho anaandika kwamba, baada ya kuomba kwa miezi mitano, ameahidiwa Jumapili moja kwa mwezi. Mwenzake wa Ijumaa bado hajajibiwa.